Malaika Alielekeza Nyumba

Mwaka 1904, huko Ngarambe katika nchi ya Rufiji, mtu mmoja alishikwa na nguvu ambayo hakuna mwingine aliyeiona. Ilimlaza kifudifudi, ikamburura hadi kwenye kidimbwi, akazama. Ndugu zake walimng'ang'ania wakashindwa. Waliojua kupiga mbizi walimtafuta chini ya maji wasimpate. Kesho yake akaibuka, nguo kavu, akaanza kunena mambo ambayo hayajawahi kusikika kinywani mwake. Ndivyo wazee walivyomsimulia mwanahistoria G.C.K. Gwassa katika miaka ya 1960, na mwaka 1969 Ebrahim Hussein akaitoa tamthilia yake ya Kinjeketile, ambayo vizazi vya wanafunzi vimeisoma darasani. Kinjikitile Ngwale hakuwa na kitabu, hakuwa na mwalimu, wala hakutumwa na mzee yeyote. Alisema ameingiwa na pepo aitwaye Hongo. Watu wakamiminika Ngarambe kutoka Umatumbi, Rufiji na mbali zaidi, wakapewa maji yaliyochanganywa na mtama na mafuta ya mbarika, wakaambiwa risasi za Mjerumani zitageuka maji. Tarehe 4 Agosti 1905, vita ya Maji Maji ikiwa ndiyo kwanza imeanza, alinyongwa Mohoro. Inasimuliwa kwamba aliwaambia wanyongaji wamechelewa, kwa kuwa dawa yake imekwisha kufika Kilosa na Mahenge.

Kila ninaposikia Wakristo wenzangu wakibishana kama Mungu humzaa mtu upya yeye mwenyewe moja kwa moja, au humzaa kwa njia ya Neno linalohubiriwa, akili yangu huenda Ngarambe kabla haijafika Wittenberg au Geneva. Hapa kwetu, kuanzia Kibiti mjini hadi visiwa vya delta ya Rufiji, hilo si swali la darasa la theolojia tu. Bonde hili lilikwisha kumwona mtu aliyesema ameguswa bila kitabu na bila mhubiri. Likamfuata, likalipa. Wakoloni wenyewe walikadiria waliokufa katika Maji Maji kuwa 75,000; Gwassa alifikia kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiuawa na njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Anayefundisha kwamba Roho hana haja ya chombo chochote afundishe, lakini afundishe akijua amesimama juu ya udongo gani.

Ubishi wenyewe ni wa zamani na pande zote mbili zina watu wanaompenda Mungu. Upande mmoja husema: mtu asiyezaliwa kwa Roho ni maiti, na maiti haisikii hubiri hata likiwa tamu namna gani. Ezekieli aliwekwa katikati ya bonde la mifupa mikavu, si kati ya wagonjwa. Kwa hiyo Mungu lazima aanze peke yake, atie uhai bila kupitia kinywa cha mtu, ndipo sikio lifunguke na hubiri liwe na pa kuingia. Wenye hoja hii humleta Yohana Mbatizaji, aliyeruka kwa furaha akiwa bado tumboni mwa Elisabeti. Mtoto wa miezi sita tumboni, wanauliza, alihubiriwa na nani?

Upande wa pili hujibu kwa nyaraka. Petro aliwaandikia watu wa mtawanyiko kwamba wamezaliwa kwa mbegu isiyooza, na mbegu hiyo akaitaja kuwa ni Neno. Yakobo alisema vivyo hivyo kwa maneno yake mwenyewe. Paulo aliwaambia Warumi kwamba imani huja kwa kusikia, akauliza watu watasikiaje pasipo mhubiri. Petro huenda alikuwa akiwaza ngano au shayiri. Mtu wa delta anayo mbegu nyingine mbele ya macho yake kila siku. Hekta zipatazo 53,000 za mikoko zimeota kwenye midomo ya Rufiji, msitu mkubwa kuliko wowote wa aina yake katika Afrika Mashariki, na ule mkoko wenyewe haudondoshi mbegu kavu ingojee mvua. Mbegu yake huchipua ikiwa bado inaning'inia juu ya mti mama. Inarefuka kama mkuki wa kijani, na siku inapoanguka ni mche tayari, unaoelea na maji hadi upate tope la kushika mizizi.

Mimi naamini Neno linalohubiriwa liko hivyo. Halitoki kinywani mwa mhubiri likiwa kitu kikavu ambacho baadaye Mungu atakitia uhai akipenda. Linatoka likiwa hai, kwa sababu limekaa kwanza kwa Mwenye uhai. Hata hivyo mfano huu una kikomo, na ni vizuri kufika kwenye kikomo chake tusije tukadanganyana. Miche ya mikoko inaoza kwa maelfu ufukweni. Iliyoshika na isiyoshika ilitoka kwenye mti uleule, ikabebwa na maji yaleyale. Wawili wanakaa benchi moja, wanasikia hubiri moja la Pasaka, mmoja anatoka akiwa mtu mwingine na wa pili anatoka akiwaza bei ya mchele. Kama Neno lingekuwa linafanya kazi lenyewe kama kwinini, tofauti hiyo isingekuwepo. Yupo afunguaye moyo. Luka alipoandika habari za Lidia, mfanyabiashara wa nguo za zambarau kule Filipi, aliandika kwamba Paulo alisema na Bwana akafungua moyo wake. Vitendo viwili, watenda kazi wawili, saa moja.

Nililelewa katika Ulutheri, na katika mafundisho ya kipaimara nilikaririshwa maelezo ya Luther kwenye Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529: kwamba kwa akili na nguvu zangu siwezi kumwamini Kristo, bali Roho Mtakatifu ameniita kwa Injili. Mwaka 1537 akaandika kwa ukali zaidi, kwamba Mungu hashughuliki nasi ila kwa njia ya Neno linalotamkwa na sakramenti, na kwamba kila anayejivunia Roho bila Neno amedanganywa na shetani. Ukali huo ulikuwa na sababu. Alikuwa amemwona Thomas Müntzer, mhubiri aliyefundisha kwamba Mungu husema ndani ya mtu moja kwa moja, na kwamba anayengojea maandishi tu hajamjua. Müntzer alisimama pamoja na wakulima walioasi mabwana wao. Tarehe 15 Mei 1525, huko Frankenhausen, wakulima wale walichinjwa kwa maelfu, naye akakatwa kichwa siku chache baadaye. Maadui zake waliandika kwamba aliwaahidi wafuasi kuwa atazidaka risasi kwa mikono ya joho lake. Huenda walimsingizia. Lakini msomaji wa Rufiji anaposoma habari hiyo hahitaji kuelezwa kitu.

Kwa muda mrefu ulinganisho huo ulinitosha. Müntzer, Kinjikitile, Roho bila Neno, maiti mabondeni: hoja imekwisha, Luther ameshinda. Haijaisha, kwa sababu kuna upande wa pili wa kaburi. Müntzer alisema kweli kuhusu njaa ya wakulima, na Luther, aliyelishika Neno kwa mikono miwili, aliandika kuwahimiza watawala wawapige na kuwaua waasi bila huruma. Kinjikitile alisema kweli kuhusu mashamba ya pamba ya lazima, ambayo watu walilimishwa kwa kiboko huku mashamba yao wenyewe yakiota magugu. Na walioweka kitanzi Mohoro walitoka katika dola iliyojiita ya Kikristo. Biblia ilikuwa imekwisha kuchapwa kwa Kiswahili cha Unguja tangu mwaka 1891. Wajerumani wenyewe walikuwa nayo kwa lugha yao kwa karibu miaka mia nne. Neno lilikuwepo, limesomwa, limehubiriwa kwao tangu utotoni, na bado maghala yalichomwa kwa amri, ili njaa imalize kazi ya bunduki.

Hapo ndipo nilipolazimika kurudi kwenye Matendo ya Mitume sura ya 10 na kuisoma polepole kuliko nilivyozoea.

Kornelio alikuwa akida wa jeshi la Kirumi mjini Kaisaria. Watu wa Rufiji wanamjua akida: ndiye aliyetumwa na serikali ya kigeni kusimamia kazi na kodi. Kwa kipimo cha siasa, basi, Kornelio yuko upande wa waliokuwa Mohoro na kamba. Ni mtu mwema, anatoa sadaka, anasali, lakini ni mtu wa jeshi lililoikalia nchi ya watu. Na Mungu anamwendea moja kwa moja. Saa tisa alasiri, malaika anaingia nyumbani kwake na kumwita kwa jina. Kama kuna mahali popote katika Maandiko ambapo Mungu angeweza kummalizia mtu kazi yote bila mhubiri, ni hapa. Malaika yuko ndani ya nyumba. Kornelio ana hofu, ana utayari, anauliza anatakiwa nini. Malaika anaijua habari ya Yesu kuliko mtume yeyote.

Hahubiri. Anaelekeza nyumba. Tuma watu Yafa, wamwite Simoni aitwaye Petro. Amefikia kwa Simoni mwingine, mtengeneza ngozi, nyumba yake iko kando ya bahari. Basi. Malaika anaondoka, na akida wa Rumi inabidi atume watu njia ya pwani kwenda kumtafuta mgeni katika nyumba ya ngozi, mahali penye harufu ambapo Myahudi mwangalifu hakupenda kukaribia. Na anayetafutwa ni nani? Mvuvi. Mtu wa nchi iliyotawaliwa, asiyekuwa na cheo, mwenye mikono ya nyavu, ndiye mwenye maneno ambayo mtawala hawezi kuyapata mahali pengine.

Sijui kama wahubiri wetu wameiona nguvu ya jambo hili. Ubishi wa moja kwa moja au kwa Neno tunauendesha kana kwamba kuna pande mbili tu, Mungu na nafsi ya mtu, na swali ni kama katikati yao kuna kitabu. Matendo 10 inaleta wa tatu: jirani. Mungu alimgusa Kornelio bila chombo, ndiyo, na mguso wenyewe ukamsukuma mlangoni kwa mtu mwingine. Na Petro naye, kesho yake, yuko juu ya dari ana njaa, anaonyeshwa maono asiyoyaelewa mpaka wageni wanapobisha hodi. Kila mmoja amepewa nusu. Tazama na wengine ambao hutajwa kuwa ushahidi wa kazi ya moja kwa moja. Sauli alisikia sauti ya Yesu mwenyewe njiani Dameski, na sauti hiyo ikamwambia aingie mjini, huko ataambiwa. Akakaa kipofu siku tatu mpaka Anania, aliyekuwa akimwogopa, akamwekea mikono na kumwita ndugu. Hata mtoto Yohana aliyeruka tumboni hakuruka katika ukimya. Mariamu alikuwa ametembea kutoka Galilaya hadi milima ya Yuda, akaingia, akamwamkia Elisabeti. Mtoto aliruka kwa salamu ya jamaa wa mama yake, na mleta salamu alikuwa amekwisha kumbeba Neno.

Ndiyo sababu siungani na anayesema Roho huzaa peke yake na hubiri huja baadaye kama cheti cha kuzaliwa. Siungani pia na anayesema Neno likishatangazwa kwa kipaza sauti kazi imekwisha. Kuzaliwa kokote tunakokujua kunamleta mtu mikononi mwa watu. Hakuna aliyezaliwa akajipokea.

Afrika Mashariki ina ushuhuda wake. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe mjini Kampala, watu wawili walikutana wote wakiwa na kiu: Simeoni Nsibambi, Mganda aliyefanya kazi katika idara ya afya, na Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa amechoshwa na kazi ya hospitali ya Gahini, Rwanda. Walikaa na Biblia, wakafuatisha yale inayosema juu ya Roho Mtakatifu, wakaomba pamoja. Katika nchi za koloni, Mwafrika na Mzungu kukaa hivyo, kila mmoja akimhitaji mwenzake, lilikuwa jambo geni. Uamsho ulioenea baadaye hadi Bukoba na kwingineko Tanganyika, na uliowalea watu kama Askofu Josiah Kibira, hauwezi kuelezwa kwa chanzo kimoja. Lakini ukiuliza kama ulianza na Roho au na Neno, jibu la Namirembe ni kwamba ulianza na wawili waliofungua kitabu kimoja.

Haya nisingeweza kuyaandika Kibiti bila kuwataja majirani zangu, kwa kuwa nchi hii ya Rufiji ni ya Waislamu wengi na sisi Wakristo ni wachache, wengi wetu watu wa kuja: walimu, wauguzi, askari, wachuuzi. Waislamu nao wamelihangaikia swali hili kwa njia yao. Wanafundishwa kwamba hidaya ni ya Mwenyezi Mungu, humwongoa amtakaye, hata Mtume hakuweza kumwongoa kila aliyempenda. Wanafundishwa pia kwamba Umar bin Khattab, aliyetoka nyumbani na upanga, moyo wake ulilainika nyumbani kwa dada yake alipozisoma aya za Surat Taha. Al-Ghazali, baada ya kupita katika shaka iliyomtesa, aliandika kwamba hakuponywa na hoja zilizopangwa bali na nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake. Hakuna maneno ya moja kwa moja zaidi ya hayo. Lakini njia za masufi, ambazo ndizo zinazoitafuta nuru hiyo kwa bidii zaidi, zimejengwa juu ya silsila, yaani mnyororo wa upokezi: fulani alipokea kwa fulani, naye kwa fulani. Pwani yetu inamkumbuka Sheikh Yahya Ramiya wa Bagamoyo, aliyefariki mwaka 1931, mtu aliyeletwa pwani kutoka Kongo ya mashariki akiwa mtumwa na akawa sheikh mkubwa wa tarika ya Qadiriyya. Hakuokota mnyororo ule barabarani. Aliupokea kwa mkono wa mtu.

Kuna kitabu cha Ibn Tufayl, mwanafalsafa wa Andalusi wa karne ya 12, ambacho kinanisumbua zaidi ya vitabu vingi vya Kikristo juu ya jambo hili. Hayy bin Yakdhan anakulia peke yake kisiwani, akilelewa na swala jike. Hajui lugha, hajasikia mtume. Kwa kutazama, kufikiri na kufunga macho, anafika kwa Mungu. Kisha anakuja Absal, mcha Mungu kutoka kisiwa chenye watu, anamfundisha kusema, na wote wawili wanatambua kuwa alichokiona Hayy ndicho Absal alichofundishwa kwa wahyi. Hadi hapo namfuata mwandishi kwa furaha. Kisha Hayy anatamani wengine waone, wanavuka kwenda kwa watu, watu wanamchoka, naye anahitimisha kwamba wengi hawawezi ila kubaki na mifano na sheria zao, anawaaga na kurudi kisiwani kwake pamoja na Absal. Hapo naachana naye. Aliyemwona Mungu kiasi kile akaweza kuwaachia watu ufukwe wao na kwenda zake, sidhani kama alichokiona ndicho kilichomvuta Petro kutoka Yafa.

Visiwa ni neno zito kwetu. Kufika Kiomboni, Msala au Mbwera kutoka Nyamisati, mwinjilisti hupanga hubiri lake kwa mwezi wa angani. Bamvua, mashua inapita hadi ndani ya vijito. Maji mafu, anakwama kwenye tope akingoja saa zipite. Msimu wa kulinda mpunga, anakuta vijiji vina wazee na watoto, wengine wote wako shambani kwenye madungu wakifukuza ndege na nguruwe, na inabidi awafuate dungu kwa dungu. Baada ya taabu hiyo anawahubiria watu saba, labda wanne. Mikutano mikubwa ya injili inapofanyika mijini, huandikwa idadi ya waliookoka kama mavuno ya korosho. Idadi hizo zinanitia hofu. Kama kuzaliwa upya ni tunda la hubiri tu, basi hubiri lenye sauti kubwa linazaa zaidi, na mhubiri anakuwa mwenye watoto.

Hofu hiyo si yangu peke yangu. Mwaka 1832, huko Black Rock, Maryland, kundi la Wabaptisti wa Marekani lilijitenga na wenzao, likakataa vyama vya misheni, shule za Jumapili na mikutano mirefu ya uamsho. Waliona kazi ya Mungu imegeuzwa kiwanda. Wengi wa waliowafuata walishikilia kwamba Mungu humzaa mtu bila chombo chochote. Naelewa walichokikimbia. Lakini fundisho lao likifika Nyamisati, hakuna atakayepanda mashua, na mtu wa dungu la mwisho ataachwa peke yake na Mungu ambaye tumejisemea kwamba hana haja nasi.

Lipo jambo ambalo hoja yangu yote haina budi kuliinamishia kichwa. Mama wa visiwani akishikwa na uchungu usiku maji yakiwa yamepwa, boti haitoki. Wapo watoto wanaozikwa bila jina, waliozaliwa kimya. Hakuna aliyewahubiria. Wapo viziwi waliozaliwa vijijini ambako hakuna ajuaye lugha ya alama. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, na Tabora ni mbali sana na Msala. Je, kwa kuwa imani huja kwa kusikia, hao wamefungiwa mlango? Waandishi wa Ungamo la Westminster katika karne ya 17 walilazimika kuweka kifungu kwa ajili yao, kwamba Roho hufanya kazi lini, wapi na jinsi apendavyo. Na Luther yuleyule aliyemwona shetani katika kila Roho asiye na Neno, mwaka 1542 aliwaandikia wanawake waliopoteza watoto kabla ya ubatizo. Hakuwaambia sheria ni sheria. Aliwaambia kwamba kuugua kwao mioyoni, hata kusikotamkika, Mungu amekupokea kama sala, na kwamba Mungu hakujifunga kwa sakramenti alizotupa sisi.

Nampenda Luther wa 1542 kuliko wa 1525, na naona hakujipinga. Hata hapo mtoto hakuachwa peke yake na Mungu. Alikuwa na mama, na kuugua kwa mama kulikuwa hubiri lililopanda juu kwa niaba ya mtoto asiyeweza kusikia. Kwa hiyo nikiulizwa kama Mungu anaweza kumfufua mtu bila Neno la mhubiri, nasema anaweza, na kwa hao anafanya, na simwekei Mwenyezi Mungu mpaka. Nikiulizwa kama kanisa linaweza kukaa kando likingojea afanye hivyo kwa wengine, nasema malaika wa Kaisaria angelishangaa.

Mwaka 2017 jina la Kibiti lilitajwa nchi nzima kwa sababu ya mauaji. Viongozi wa vijiji waliuawa. Tarehe 13 Aprili askari polisi wanane waliuawa kwa kuviziwa. Familia zilizika na nyingine zilibaki zikitafuta ndugu zao. Baada ya kipindi kama hicho, mtu anayekuja na maneno ya kubadili maisha yako unamwuliza kwanza amefikia kwa nani. Swali hilo ni la haki. Ndilo alilojibu malaika kabla hajaulizwa: amefikia kwa Simoni, mtengeneza ngozi, kando ya bahari. Neno lisilo na mwenyeji, linalokuja usiku na kuondoka usiku, halipimiki. Kinjikitile mwenyewe, kwa ujasiri wake wote ambao sitaruhusu mtu audharau, alizungukwa na watu waliokuja kupokea maji; hawakupewa nafasi ya kuyapima ila mbele ya bunduki.

Matendo 10 inamalizika kwa Kornelio na nyumba yake kumwomba Petro akae nao siku kadhaa. Roho alikuwa amekwisha kushuka Petro akiwa bado katikati ya hubiri, hakungoja amalize, na kwangu hilo ndilo jibu la Maandiko kwa wote wanaotaka kujua kipi hutangulia. Lakini hubiri lilipokatizwa Petro hakurudi Yafa. Alikaa. Naye aliporudi Yerusalemu, ndugu zake wa dini hawakumwuliza kama wale watu walizaliwa na Roho au na Neno. Walimshtaki kwamba aliingia kwa wasiotahiriwa akala nao. Huku kwetu Mkristo akifanya arusi, mbuzi huchinjwa na jirani Mwislamu ili wote wale sufuria moja, na mwinjilisti wa delta hulala kwa mwenyeji anayeamka kwa adhana. Wali, kamba na nazi huwekwa mbele yake na watu wasioamini anachoamini. Petro, alipojibu mashtaka yale, alianza mwanzo, akaeleza mambo yote hatua kwa hatua: Yafa, maombi, maono, watu watatu mlangoni, nyumba ya mtu. Alilitaja hubiri lake kwa sentensi moja tu.